Rickey Henderson au Kenny Lofton: uanze na maisha ya nani?

Dada yangu anaishi Ohio. Mwanawe yuko darasa la saba na juzi amepewa kazi shuleni: achague mwanamichezo mmoja aliyechezea timu nyingi, asome maisha yake, kisha asimame mbele ya wenzake ayaeleze. Akanipigia. "Shikamoo, mjomba. Si wewe unayekesha na besiboli? Nimchukue nani?" Nikamtajia wawili, nikaahidi kumwandikia. Nilipoanza kuandika nikaona maelezo haya yanaweza kumfaa na mwingine, maana Mswahili anayetaka kuingia kwenye mchezo huu hukwama palepale mlangoni: takwimu tele, majina tele, na hajui amshike nani mkono.

Wawili wenyewe ni Rickey Henderson, aliyecheza ligi kuu misimu 25 kwenye timu 9, na Kenny Lofton, misimu 17 kwenye timu 11. Wote walikuwa wachezaji wa nje, wale watatu wanaosimama mbali kabisa kwenye nyasi wakiingojea mipira inayopaa. Wote walizoea kuwa wapigaji wa kwanza wa timu zao. Na wote riziki yao ilikuwa miguuni.

Kwanza nieleze wizi, kwani bila huo hutawaelewa. Uwanja wa besiboli una vituo vinne, besi kwa lugha ya wenyewe, na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 27 na ushei. Cha mwisho, pale anaposimama mpigaji, huitwa nyumbani: ukizunguka ukakifikia, timu imepata pointi. Ukipiga mpira ukafika besi ya kwanza salama, kwa kawaida unamngoja mwenzako apige ndipo usogee. Mwizi hangoji. Mrushaji akianza tu kuinua mguu, yeye ameshachomoka kuelekea besi ya pili. Mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji anatakiwa aupokee mpira, ainuke, aurushe hadi ng'ambo, na mwenzake aliyeko kule amguse mwizi kabla hajafika. Yote hayo huisha katika sekunde tatu na kitu. Mwizi akiwahi, besi ni yake. Akiguswa, ametoka, na timu imepoteza mtu bure.

Halafu kuna suala la kuhama. Kwenye soka mchezaji hauzwi bila ridhaa yake. Akikataa kusaini, dili limekufa. Kwenye besiboli ya Marekani klabu hubadilishana mikataba ya watu, na mchezaji asiye na kipengele cha kumlinda hupigiwa simu tu na kuambiwa kesho uko mji mwingine. Kwa hiyo ukiona mtu ana jezi 9 au 11 kabatini, usikimbilie kusema alikuwa mkorofi au alikuwa hatakiwi. Uliza kila safari nani aliyeitaka.

Kwa Henderson jibu, hasa miaka ya mwisho, ni yeye mwenyewe. Alikataa kuacha.

Alizaliwa Chicago siku ya Krismasi ya mwaka 1958, kwenye kiti cha nyuma cha gari aina ya Oldsmobile, mama yake akikimbizwa hospitali. Ukubwani alizoea kutania kwamba kasi alianza nayo humo humo. Alikulia Oakland, California, na shuleni alikuwa hodari zaidi wa futiboli ya Kimarekani. Mama yake ndiye aliyemvuta kwenye besiboli. Timu ya mji wake, Oakland A's, ilimchukua mwaka 1976, na Juni 1979 akaingia ligi kuu. Mwaka uliofuata aliiba besi 100. Mwaka 1982 akaiba 130, akaivunja rekodi ya Lou Brock ya 118, na tangu hapo hakuna aliyeifikia 130 hiyo.

Alikuwa na mambo yake. Alirusha kwa mkono wa kushoto lakini akapiga akisimama upande wa kulia, mchanganyiko ambao ni nadra sana. Alipokuwa anapiga alijikunja mno, hata eneo ambalo mrushaji anatakiwa kulilenga likawa dogo kama kisahani, na warushaji wakashindwa wakampa besi ya bure. Alipata besi za bure 2,190 maishani. Na mtu kama huyo kumpa besi ya kwanza ni kumpa na ya pili. Alipokuwa anaiba aliingia kwa kifua, kichwa mbele, akiteleza chini chini. Mwenyewe alisimulia kwamba alijifunza kwa kutazama jinsi ndege inavyotua taratibu.

Sasa fuata safari. Desemba 1984 A's walimpeleka New York Yankees wakapokea wachezaji watano, mmoja wao mrushaji aitwaye Eric Plunk. Juni 1989 Yankees wakamrudisha Oakland wakapokea watatu, na mmoja wao alikuwa Eric Plunk yule yule. (Kama kuna mtu anayestahili insha yake mwenyewe ni Plunk, lakini tuendelee.) Mwaka huo huo Henderson akatwaa ubingwa na A's, na 1990 akawa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Tarehe 1 Mei 1991 akaiba besi ya 939, akampita Brock kwenye jumla ya maisha, akaing'oa besi ardhini, akainyanyua juu na kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba leo yeye ndiye mkubwa kuliko wote. Wapo waliochukia majivuno yale. Usiku huo huo huko Texas, Nolan Ryan, akiwa na miaka 44, alicheza mechi nzima bila kumruhusu mpinzani apige hata pigo moja salama, mara ya saba maishani mwake, akawa kama amemfunika.

Julai 1993 alikwenda Toronto Blue Jays kusaidia kutetea ubingwa. Kwenye mechi ya mwisho ya fainali, Joe Carter alipopiga homurani, yaani mpira uliovuka uzio na kumaliza kila kitu, Henderson alikuwa kwenye besi ya pili; alipata besi ya bure mwanzoni mwa zamu hiyo ya mwisho. Watu wanamkumbuka Carter akirukaruka. Mimi huangalia nani alifungua mlango.

Kuanzia hapo ramani inachanganya: Oakland tena, San Diego, Angels, Oakland kwa mara ya nne, Mets, Seattle, San Diego tena, Boston, Dodgers. Usidhani alikuwa akijikokota. Mwaka 1998, na miaka 39 mwilini, aliongoza American League kwa wizi wa besi 66. Oktoba 2001, akiwa San Diego, alipiga homurani iliyovunja rekodi ya Ty Cobb ya pointi nyingi zaidi, na ingawa hakuna aliyekuwa anamkimbiza, alifika nyumbani akiteleza. Siku tatu baadaye akafikisha pigo la 3,000.

Mwaka 2003 simu zikanyamaza. Hapo ndipo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Alikwenda kuchezea Newark Bears, timu ya ligi huru isiyo chini ya klabu yoyote kubwa, ili waone bado anaweza. Dodgers wakamwita wakati wa kiangazi, na huo ukawa mwisho wake wa ligi kuu, lakini yeye hakuuita mwisho. Mwaka 2004 alirudi Newark. Mwaka 2005, akiwa na miaka 46, alikuwa San Diego Surf Dawgs, timu ya ligi ndogo ambayo hata Wamarekani wengi hawakuwahi kuisikia, na bado anaiba.

Mpwa wangu akimchagua huyu nina onyo moja. Visa vya Henderson ni vingi na baadhi ni vya kutunga. Kinachopendwa zaidi ni kwamba alipofika Seattle alimkuta John Olerud, aliyekuwa akivaa helmeti hata akiwa analinda, akamwambia kwamba New York alikuwa na mwenzake mwenye tabia hiyo hiyo, asijue kuwa ndiye huyo huyo. Kinachekesha sana na si cha kweli. Wote wawili walikikana. Kile cha hundi ya dola milioni moja aliyoiweka kwenye fremu ukutani bila kuipeleka benki ndicho kinachosimuliwa kwa uzito zaidi.

Alifariki tarehe 20 Desemba 2024, siku tano kabla ya kutimiza miaka 66. Miezi mitatu nyuma, A's walipocheza mechi ya mwisho mjini Oakland kabla ya kuhama, ndiye aliyeitwa pamoja na mwenzake wa zamani, Dave Stewart, kurusha mpira wa heshima.

Lofton ni hadithi nyingine kabisa, na mtu akinishikia bakora nichague mmoja, nitasema huyu.

Alizaliwa East Chicago, Indiana, mwaka 1967, njiti ambaye hakufika kilo moja na nusu. Alilelewa na bibi yake, mama aliyekuwa anapoteza macho kwa ugonjwa wa presha ya macho. Alikwenda Chuo Kikuu cha Arizona kwa udhamini wa mpira wa kikapu, na mwaka 1988 akafika nusu fainali ya vyuo akiwa mlinzi wa akiba kwenye timu moja na Steve Kerr, aliyekuja kuwa kocha wa Golden State Warriors. Besiboli alijiunga nayo akiwa mwaka wa tatu, akacheza mechi za kuhesabika, na bado Houston Astros wakamchukua kwa sababu ya mbio zake tu. Watu waliocheza nusu fainali ya vyuo ya kikapu na pia World Series, fainali ya ligi kuu ya besiboli, kabla yake alikuwa mmoja tu, Tim Stoddard. Na Stoddard alisoma sekondari ile ile ya East Chicago. Mwalimu wa mpwa wangu akisikia hilo atanyanyua kichwa.

Houston hawakujua walichonacho. Desemba 1991 wakamwachia Cleveland, na kuanzia 1992 hadi 1996 Lofton akaongoza American League kwa wizi miaka mitano mfululizo.

Tafuta video ya tarehe 17 Oktoba 1995, Seattle. Cleveland inahitaji ushindi mmoja kufika World Series kwa mara ya kwanza tangu 1954. Mrushaji wa Seattle ni Randy Johnson, jitu la zaidi ya mita mbili lililokuwa likitisha nchi nzima. Cleveland inaongoza 1-0, zamu ya nane kati ya tisa za mechi. Lofton anaugusa mpira kidogo tu udondoke, anafika besi ya kwanza, anaiba ya pili. Kisha mdakaji anashindwa kuudhibiti mpira mmoja, unamponyoka kando. Mwenzake aliyekuwa besi ya tatu anaingia nyumbani. Hilo ni la kawaida. Lofton anatoka besi ya pili, anapita ya tatu bila kupunguza mwendo, na anaingia nyumbani naye. Kwa kosa ambalo mkimbiaji mwingine angepata besi moja, yeye alichukua mbili na pointi. Uwanja ule ulinyamaza kama nyumba ya msiba. Cleveland ikashinda 4-0.

Ukimaliza hiyo, tazama ya Agosti 1996, alipopanda ukuta wa uwanja wa Cleveland kama mtu anayekwea mnazi na kumnyang'anya B. J. Surhoff wa Baltimore homurani iliyokuwa imeshatoka.

Machi 1997 simu ikaja: Atlanta. Cleveland walihofia kumkosa bure mkataba wake ukiisha. Mwaka huo Cleveland wakafika fainali bila yeye, wakapoteza mechi ya saba. Akarudi 1998. Baada ya 2001 hakukaa tena popote: ndani ya misimu sita, 2002 hadi 2007, alivaa jezi 9. White Sox, Giants, Pirates, Cubs, Yankees, Phillies, Dodgers, Rangers, na mwisho Cleveland tena. Mara tatu kati ya hizo alihamishwa mwezi Julai, msimu ukiwa katikati, wakati timu zenye njaa ya ubingwa zinatafuta mtu wa kuziba pengo. Lofton alitafutwa kama mpishi wa harusi anavyotafutwa: kila mwenye shughuli anamtaka, shughuli ikiisha kila mtu kwake. Katika misimu yake 17, 11 ilimkuta kwenye hatua ya mtoano.

Na hakuwahi kutwaa ubingwa. Siyo kwamba alikosa kwa mbali. Mwaka 2002 akiwa na Giants walihitaji ushindi mmoja, wakapoteza mbili za mwisho, na mpira wa mwisho kabisa uliodakwa ulipigwa na yeye. Mwaka 2003 Cubs waliongoza 3-1 dhidi ya Marlins wakapoteza. Mwaka 2004 Yankees waliongoza 3-0 dhidi ya Boston wakapoteza 4-3, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye besiboli. Mwaka 2007 Cleveland waliongoza 3-1, Boston tena, wakapoteza tena.

Hiyo ya 2007 ndiyo inayoniuma. Mechi ya saba, zamu ya saba, Boston wanaongoza 3-2. Lofton yuko besi ya pili. Mwenzake anapiga, mpira unagonga ukuta wa pembeni na kurudi uwanjani taratibu. Lofton, na miaka yake 40, anakata kona ya besi ya tatu, na kocha wa kituo hicho ananyosha mikono: simama. Akasimama. Aliyefuata akapiga mpira uliotoa watu wawili kwa mpigo, nafasi ikafa, Boston wakashinda 11-2. Yule aliyewahi kutoka besi ya pili hadi nyumbani bila kuuliza mtu, mechi yake ya mwisho ya ligi kuu alizuiwa besi ya tatu. Hakusajiliwa tena.

Ukiweka takwimu kando kwa kando, Henderson anameza. Wizi 1,406 kwa 622. Pigo salama 3,055 kwa 2,428. Pointi 2,295, rekodi mpaka leo, kwa 1,528. Homurani 297 kwa 130. Ubingwa 2 kwa sifuri. Hata hivyo chungulia ndani kidogo. Wastani wa kupiga wa Lofton ni .299, wa Henderson .279, yaani Lofton alipiga salama mara nyingi zaidi katika kila majaribio elfu. Ila ukihesabu na besi za bure, Henderson alifika kwenye besi asilimia 40 ya zamu zake na Lofton 37. Kule kujikunja kulilipa. Kwa ulinzi Lofton yuko juu: alicheza katikati, eneo pana kuliko yote, akapata Glavu ya Dhahabu mara 4, Henderson alikuwa kushoto akapata 1. Na kwenye mtoano, jukwaa ambalo kila mtu anatazama, mwenye rekodi ya wizi ni Lofton, 34, mmoja zaidi ya Henderson.

Cooperstown, kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa magwiji wa besiboli, ambao huchaguliwa kwa kura za waandishi wa habari, Henderson aliingia mwaka 2009 kwa asilimia 94.8 ya kura, mara ya kwanza tu jina lake lilipopelekwa. Lofton alipelekwa 2013, mwaka ambao karatasi ilijaa majina mazito na kelele za dawa za kuongeza nguvu, na kila mwandishi haruhusiwi zaidi ya kura kumi. Akapata asilimia 3.2. Chini ya 5 unafutwa. Mwaka huo waandishi hawakumwingiza hata mmoja, na Lofton akafutwa siku ya kwanza. Kwangu huo ni uonevu, na ni mada nzuri ya kubishania darasani.

Kuna wa tatu ningeweza kumweka, Matt Stairs wa Kanada, aliyecheza klabu 12 na kipande cha msimu Japani. Mnene, hana mbio, mikono ya chuma; aliitwa dakika za mwisho apige mara moja tu, na homurani zake 23 za namna hiyo ni rekodi. Ni wa kufurahisha, ila maisha yake yanasimama juu ya usiku mmoja wa Oktoba 2008 pale Los Angeles, na kwa kazi ya shule usiku mmoja hautoshi.

Basi, nani umchukue? Kama hujui chochote kuhusu besiboli na unataka kucheka huku unajifunza, Henderson. Atakufundisha mchezo mzima kwa kuuvuruga. Kama wewe ni mpenzi wa soka uliyezoea kuhesabu machozi ya timu yako, Lofton. Utamwelewa bila mkalimani. Kama unafundisha watoto, na wapo wanaofundishwa, maana timu ya Lugazi, Uganda, ilifika Williamsport mwaka 2012 ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kwenye fainali za dunia za watoto, waonyeshe Lofton akiugusa mpira udondoke na kukimbia. Kule kuingia kichwa mbele kwa Henderson waache wakue kwanza. Ligi ya watoto yenyewe inakukataza kwa walio chini ya umri wa ujana. Na kama unaishi Ohio, wazee wa Cleveland wapo jirani, waulize kuhusu 1995 uone uso unavyobadilika.

Nilimtumia mpwa wangu yote haya. Akasoma, akajibu kwa sauti ya sekunde kumi: "Asante mjomba, nimemchukua Henderson, kazaliwa ndani ya gari!" Dada yangu nyuma anacheka. Sikubishana. Nimemtumia tu ile video ya Seattle, nikamwambia aitazame akimaliza kazi ya shule.